Onyo Linaposema Mno: Taa, Kinasa-rada na Simu

Uko njiani kutoka Morogoro kwenda Iringa, basi linalokuja mbele yako linakuwashia taa mara mbili. Mguu unaachia mafuta kabla akili haijauliza sababu. Huenda trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo kajibanza kivulini. Huenda lori limelala barabarani, au tembo wanavuka pale Mikumi. Aliyekuwashia hakueleza, na sasa ameshapita. Marekani nako madereva huonyana, ila onyo lao walilipitisha kwenye mashine, kisha mashine wakaiunganisha na simu. Wafaransa walilipitisha kwenye sheria. Ukizilinganisha desturi hizi tatu, kinachozitenga zaidi ni kiasi cha habari ambacho kila onyo hubeba.

Tuanze na Marekani, maana huko ndiko kuna mkasa mrefu. Mwaka 1974, kwa sababu ya uhaba wa mafuta, Rais Nixon alitia saini sheria iliyosukuma majimbo yote kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, kwenye barabara kuu zilizojengwa kwa mwendo mkubwa zaidi. Madereva wa malori wakajibu kwa redio za upepo, wakitangaziana polisi walipo. Wengine wakanunua kinasa-rada, kijisanduku cha kuweka juu ya dashibodi kinacholia kikinusa mawimbi ya rada. Dale Smith wa Ohio alikuwa ameshatengeneza chake, akakiita Fuzzbuster. Mwaka 1978 kampuni ya Cincinnati Microwave ikaleta Escort, chenye usikivu mkali zaidi. Kikomo cha taifa kilifutwa 1995, lakini kijisanduku kikabaki. Hadi leo kinaruhusiwa kwenye magari binafsi karibu nchi nzima, isipokuwa Virginia na jijini Washington. Malori makubwa ya biashara yamekatazwa kukitumia.

Kilikuwa chombo cha mtu mmoja. Redio ya upepo ilimtaka dereva aseme na wenzake; kinasa-rada hakikumtaka aseme na yeyote.

Lakini kilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza ni kupiga kelele ovyo. Baadhi ya mawimbi ya rada za polisi hutumiwa pia na milango ya maduka inayojifungua yenyewe, na siku hizi na vihisio vya magari vinavyochungulia pembeni. Dereva anayepita mtaa wa maduka huzibwa masikio na milio, na baada ya wiki mbili hakijali tena kifaa chake. Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi: askari mjanja haachi rada yake ikiwaka. Huiwasha pale tu anapokulenga, na kifaa chako kinapolia mwendo wako umeshasomwa. Ambaye angenufaika na mlio huo ni dereva wa nyuma yako, kama ungekuwa na njia ya kumwambia.

Njia hiyo ndiyo simu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, bidhaa za Cobra iRadar na Escort Live ziliunganisha kinasa-rada na simu janja kwa Bluetooth. Kinasa-rada cha Valentine One, kilichojipatia jina tangu 1992 kwa mishale inayoonyesha rada iko upande gani, kilitoa toleo la pili mwaka 2020 likiwa na Bluetooth ndani yake. Simu inajua gari liko wapi na linakwenda kasi gani, kwa hiyo programu huukumbuka mlango wa duka uliokudanganya jana na kuunyamazisha leo. Tena mlio wa gari lililolengwa mbele hupitia intaneti hadi kwa wanaokuja nyuma. Baada ya miongo kadhaa ya kila mtu na sikio lake, Mmarekani amerudi kumtegemea dereva aliyemtangulia, kama alivyofanya enzi za redio ya upepo. Safari hii analipia.

Polisi hawakufurahi. Mwishoni mwa 2014, baada ya askari wawili kuuawa New York, mkuu wa polisi wa Los Angeles aliiandikia Google barua akilalamikia Waze, programu inayowawezesha madereva kuonyesha polisi walipo. Huduma hiyo haikuondolewa. Mwaka huohuo jaji wa shirikisho huko Missouri aliwazuia polisi wa mji mmoja kuwaadhibu madereva wanaowashiana taa, kwa hoja ya uhuru wa kusema. Taa ya basi la Iringa, kwa mizani ya Missouri, ni hotuba.

Ufaransa ilichukua njia nyingine, nami naiheshimu. Mwaka 2012 ilipiga marufuku vifaa vinavyotaja mahali kamera ya mwendo ilipo. Kampuni za vifaa hivyo, kama Coyote, hazikufungwa. Zilibadilisha kauli, na sasa hutangaza eneo la hatari: mita 300 mjini, kilomita 2 barabara za nje ya mji, kilomita 4 barabara kuu za kasi. Ndani ya eneo hilo panaweza kuwa na kamera, kona kali, au pasiwe na kitu. Wajerumani ni wakali zaidi, kwani dereva haruhusiwi hata kutumia programu ya simu inayoonya, ilhali redio zao hutangaza kamera zilipo bila kuguswa na mtu. Sijaona mantiki yake.

Kwetu simu imeshafika, ila kwa upande wa serikali. Mabasi ya mikoani Tanzania yamefungwa mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo, na picha ya gari lililopigwa tochi hutumwa kwa WhatsApp hadi kwa askari wa mbele. Dereva amebakiwa na taa zake. Nisiipambe taa hiyo kupita kiasi: wapo wanaopunguza mwendo mpaka waipite tochi, kisha hukanyaga mafuta kufidia muda, na abiria sitini wako nyuma yao. Hata hivyo, kwa kuwa haisemi hatari iko wapi wala ni ipi, mwenye akili hutembea polepole mwendo mrefu. Wafaransa walifika hapohapo kwa amri ya serikali. Kinasa-rada chenye simu kinakwenda kinyume: kinataja aina ya wimbi, mahali na dakika, hivyo kinamfundisha dereva breki aikanyage wapi na mafuta ayarudishe wapi. Isitoshe, kumbukumbu ya safari yake inaweza kubaki kwenye kompyuta za kampuni. Taa ya basi haiandiki kitu.

Kwa hiyo anayetaka kuwauzia madereva wetu programu ya aina hii achukue kilomita mbili za Mfaransa, na nukta ya Mmarekani aiache hukohuko.