Wasiwasi wa Nani Hupewa Likizo?

Kila msimu wa mitihani ninaposimamia, macho yangu huangalia mikono na miguu ya watahiniwa kuliko karatasi zao. Huyu anatafuna kucha mpaka kidole kinatoka damu. Yule anatikisa goti bila kujua kwamba dawati zima linatikisika naye. Nje ya ukumbi, simu za vijana zimejaa tiba: unga wa mizizi unaotuliza mishipa, majani ya kuchemsha yanayoondoa hofu kwa siku saba, na chini yake orodha ya mawaidha. Lala mapema. Tembea. Punguza kahawa. Vuta pumzi taratibu.

Mawaidha hayo si ya kubezwa. Usingizi wa kutosha, mwendo wa miguu, kujiepusha na miraa na vinywaji vinavyokesha mtu, yote hayo hata daktari huyaagiza. Nami nimewahi kumpa mwanafunzi mmoja orodha ya namna hiyo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Shikamoo yako nimeiweka, Mwalimu, lakini nikilala mapema nani atakaanga chipsi? Na nisipokaanga, kodi ya chumba atalipa nani?"

Jibu hilo lilinirudisha kwenye historia. Dawa kongwe kuliko zote za wasiwasi ni mapumziko, na mapumziko hayajawahi kugawiwa kwa mizani moja.

Mwaka 1869 daktari wa Marekani, George Miller Beard, alianza kueneza jina la ugonjwa alioueleza kuwa ni uchovu wa mishipa ya fahamu: nyurasthenia. Dalili zake ni zilezile tunazozijua: kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, hofu isiyo na sababu, mwili kuchoka bila kazi. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 alidai kwamba chanzo chake ni ustaarabu wenyewe, yaani injini za mvuke, telegrafu, magazeti, sayansi na wanawake kutumia akili zao. Kwa maelezo hayo ugonjwa uligeuka kuwa nishani. Aliyeugua mishipa alikuwa mtu wa akili na wa maendeleo. Asiyeugua alikuwa bado hajafika.

Tiba zake nyingi zilikuwa za asili. Wanaume wa matabaka ya juu walishauriwa kwenda magharibi ya nchi yao, wapande farasi na kuvuta hewa ya nyikani. Wanawake walilazwa kitandani kwa majuma kadhaa, wakanyweshwa maziwa na kukandwa viungo, kwa utaratibu wa daktari Silas Weir Mitchell. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman alipitia tiba hiyo, akaamriwa asiguse tena kalamu, na karibu apoteze akili. Hadithi yake "The Yellow Wallpaper" ya mwaka 1892 ilizaliwa na mkasa huo. Tayari hapo tunaona jambo la kwanza: hata kupumzika kunaweza kuwa kifungo, ikiwa anayepumzishwa hakuulizwa.

Ugonjwa huo ulivuka bahari pamoja na watawala. Katika makoloni ya Afrika Mashariki madaktari wa Kiingereza waliandika katika vyeti vya maofisa "nyurasthenia ya tropiki". Jua kali, upweke na, huko nyanda za juu za Kenya, hata mwinuko wa nchi, vilisemekana kuharibu mishipa ya Mzungu. Ofisa aliyeanza kukasirika ovyo, kulewa au kukosa usingizi hakuhesabiwa mkosaji. Alihesabiwa mgonjwa. Alipewa likizo ndefu ya kwenda kwao, au alipelekwa penye baridi. Wajerumani kabla yao waliipenda milima ya Usambara kwa sababu hiyohiyo. Mji wa Lushoto, walioupa jina la Wilhelmstal, ulikuwa kimbilio la kuikwepa joto la pwani.

Katika milima hiyohiyo, mahali paitwapo Lutindi, wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamejenga mwaka 1896 kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1905 kikageuzwa kuwa makao ya Waafrika wagonjwa wa akili. Tusiwadhulumu wamisionari hao: kazi ya shamba na bustani ilikuwa sehemu ya tiba yao. Lakini tuutazame mlima mzima kwa pamoja. Mtawala aliupanda akiwa na wasiwasi tu, akapumzika, akashuka. Mtawaliwa alipandishwa baada ya akili kukatika kabisa. Kati ya wasiwasi na wazimu kuna njia ndefu, na dola la kikoloni halikumwona Mwafrika popote katika njia hiyo ila mwishoni, anaposumbua wengine. Nairobi nako, hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Dodoma ikapata Mirembe mwaka 1927.

Kutoonwa huko kulikuja kupewa vazi la elimu. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandikia Shirika la Afya Duniani kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai kwamba Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Huzuni na wasiwasi wa ndani, alisema, ni nadra kwake, maana hana mzigo wa nafsi unaomlemea. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimtumia mtaalamu huyohuyo kuieleza Mau Mau, na madai ya ardhi yakaandikwa kama tatizo la akili. Frantz Fanon, daktari na mwanamapinduzi, alimjibu katika kitabu chake cha mwaka 1961. Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kujibu kwa maneno machache: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lugha yenyewe ingetosha kumsahihisha Carothers kama angeisikiliza. Neno "wasiwasi" tulilipata kutoka Kiarabu, kwa maana ya mnong'ono unaomsumbua mtu moyoni, na elimu yake ni ya kale. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Alishauri kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati ametulia, ili zimfae hofu itakapomjia, na kwamba mwenye wasiwasi asiachwe peke yake. Barani nako, ngoma za kupunga pepo zilimtoa mgonjwa katika upweke, zikaleta jamaa, chakula na siku kadhaa za kuachwa huru na kazi. Hatulazimiki kuamini pepo ili tuone kwamba humo ndani mlikuwa na ruhusa ya kupumzika iliyotolewa na jamii nzima. Serikali za kikoloni zilikuja na sheria za uchawi, Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, na mganga akaishi tangu hapo chini ya kivuli cha jinai.

Ushahidi dhidi ya Carothers haukukawia. Huko Ghana, Margaret Field alikaa kwenye maabadi ya vijijini akiwasikiliza watu waliokuja kuomba kinga. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilionyesha kwamba huzuni na hofu, zilizosemekana kuwa nadra, zilikuwa zimejaa mlangoni pa mganga. Hospitalini hazikuonekana kwa sababu hazikupelekwa huko. Nchini Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alianzisha mwaka 1954 mpango wa Aro, karibu na Abeokuta. Mgonjwa alikuja na ndugu yake, wakapanga chumba katika vijiji vya jirani, asubuhi akapata dawa hospitalini, mchana akashiriki shambani na katika maisha ya kijiji. Waganga wa jadi nao walishirikishwa. Tanzania huru ilitembea njia inayofanana na hiyo kwa vijiji vya kilimo vya wagonjwa wa akili, kimojawapo kikiwa Vikuruti, nje ya Dar es Salaam.

Na mizizi je? Hapa historia inatukanya pande zote mbili. Katika tiba ya kale ya India mzizi wa mti uitwao Rauwolfia ulitumika kutuliza waliochanganyikiwa na waliokosa usingizi. Mwaka 1931 madaktari wa India waliandika juu yake. Mwaka 1952 kampuni ya Ciba ya Uswisi ilitenga ndani yake kemikali ya reserpini. Miaka miwili baadaye ilikuwa ikisifiwa katika hospitali za Marekani. Waganga wa Kiyoruba walikuwa wakiutumia mti wa Kiafrika wa jamii hiyohiyo kwa kazi hiyohiyo. Basi hawakuwa wajinga. Lakini reserpini ilishusha shinikizo la damu, na baadhi ya waliotumia walipatwa na huzuni nzito, hata ikaachwa kama dawa ya akili. Kitu hakiwi salama kwa kuwa kimechimbwa ardhini. Ndiyo maana Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili pale Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Muuza unga asiyetaja kilichomo hamheshimu babu yake mganga. Anamfanyia biashara tu.

Jaribio la karibuni linalonipa matumaini zaidi halina mzizi wala kidonge. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Bibi haanzi na jina la ugonjwa; anauliza ni tatizo lipi, kisha wanatafuta pamoja hatua moja inayowezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limekwisha kufika hata Zanzibar.

Mnaofanya kazi serikalini mna jambo la kutafakari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo yenye malipo isiyopungua siku 28 kwa mwaka. Kile alichopewa ofisa wa kikoloni kwa ajili ya mishipa yake sasa ni haki, na haki hiyo ilidaiwa. Hata hivyo wengi wetu hatumo ndani yake: mama lishe, dereva wa bodaboda, kibarua, na mwanafunzi anayekaanga chipsi usiku. Kumwambia mtu huyo "punguza mawazo" bila kugusa kinachoyaleta ni kumrudia Carothers kwa sauti ya upole zaidi.

Kwa hiyo orodha ya mawaidha ibaki, lakini iongezwe yale ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe: mkopo wa masomo unaofika kwa wakati, saa za kazi zenye mwisho, zahanati yenye mtu wa kusikiliza, na dawa asili iliyopimwa. Mwanafunzi yule alimaliza mtihani wake. Alipokabidhi karatasi nilimwuliza kama amelala. Akatabasamu, akaficha vidole mfukoni, akaenda kuwasha jiko.