Chenji Tunapitisha, Sauti Tunameza

Jina matatu lilizaliwa na nauli. Abiria wa zamani Nairobi walilipa mang'otore matatu, yaani sarafu tatu za senti 10, na jina likabaki hata nauli ilipopanda. Kwanza zilikuwa gari za kuhepa polisi, hadi 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu zibebe watu bila leseni maalum.

Ruhusa ilikuja, nafasi haikuja. Kwa miaka thelathini hivi watu walibebana. Kiti cha watatu kilikaliwa na wanne, na makanga bado anaita, "Songeni kidogo!" Nadhani hapo ndipo abiria walijitungia sheria zao. Unampakata mtoto wa mama usiyemjua. Unapokea mia ya mtu wa nyuma, unaipitisha mbele, na chenji inarudi kupitia mikono mitano bila shilingi kupotea. Mpaka leo tunafanya hivyo, na hakuna aliyetufunza shuleni.

Februari 2004 zikaja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo: abiria 14 pekee kwa nissan, mikanda, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kila mtu akapata kiti chake.

Halafu Novemba 2014 ikatuumbua. Video zilisambaa za wanawake wakivuliwa nguo hadharani na wanaume, eti wamevaa vibaya. Tarehe 17 wanawake waliandamana Nairobi wakisema My Dress My Choice. Kabla mwaka kuisha, sheria ilibadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kifungo kisichopungua miaka 10.

Kinachonisumbua ni walioshuhudia, kwa sababu ni sisi sisi tunaopitisha chenji. Mtu tusiyemjua tunamwamini na pesa yetu, lakini makanga akimtusi msichana mlangoni, gari nzima inaangalia nje. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Mahakama ni ya kesho. Ndani ya mathree, saa hiyo hiyo, msichana ana jirani wa kiti tu. Nimewahi kusikia mama mmoja akisema, "We kijana, wachana na huyo dada." Hakupaza sauti. Wa nyuma akaongezea, dere akageuka, makanga akanyamaza. Nauli ikaendelea kupitishwa mbele, mkono kwa mkono, kama kawaida.