Nyota, Mfunguo Tano na mahari: mila na miiko ya harusi Unguja

Ukikomba sufuria, siku ya harusi yako itanyesha mvua. Msikilizaji, nani hakuambiwa hivyo utotoni? Bububu kama kwingineko Unguja, harusi ina miiko yake.

Mmoja ni wa mwezi. Wapo wazee wasiotaka ndoa ifungwe Mfunguo Tano, yaani Safar, wakiuita mwezi wa nuksi. Waarabu wa kale waliiogopa Shawwal namna hiyohiyo, lakini Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume alimuoa mwezi huohuo. Kuhusu Safar pia ipo hadithi inayokanusha nuksi yake. Leo Shawwal, Mfunguo Mosi wetu, ndiyo yenye pilikapilika za harusi.

Unaouma zaidi ni mwiko wa nyota. Mwalimu hupewa jina la kijana na la mamaye, la binti na la mamaye. Herufi hugeuzwa hesabu, kisha kila mmoja hupewa nyota yake: ya moto, udongo, upepo au maji. Zikitoka moto na maji, posa huweza kurudishwa. Wawili wamependana, wazee wameridhiana, na anayewatenganisha hajawahi hata kuwaona! Masheikh wengi huukataza utabiri huu, lakini watu huenda kwa siri.

Kutawishwa kuna faida inayoonekana. Bibi harusi hukaa ndani siku kadhaa, akasuguliwa singo yenye liwa na mawaridi, akapakwa hina, akafukizwa udi. Wanasema ni kumkinga na husuda. Sawa, lakini ngozi nayo hutakata, na somo hupata nafasi ya kumfunda kwa utulivu kabla ya fungate, zile siku saba za mwanzo wa ndoa.

Jambo la kuangalia kuliko nyota ni mahari. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni zawadi za mila. Mahari ni haki ya binti mwenyewe, si ya mjomba wala ya kulipia maturubai. Kabla ya ndoa kufungwa, kitajwe kiasi mbele ya mashahidi na kiandikwe: kipi kimelipwa, kipi ni deni. Asiyelipwa anaweza kudai Mahakama ya Kadhi, na hapo karatasi hiyo itamsaidia.