Rubani, makasi na shoka

UZI. Mjadala wa usalama ukianza, hata huku Rongo, lazima mtu aulize: kwa nini rubani anyang'anywe makasi ya kucha na chumba chake kina shoka la dharura? Na ndege nzima iko mikononi mwake, jameni!

Rudini California, Desemba 1987. Mtu aliyefutwa na shirika la ndege alipita na bastola bila kukaguliwa, kwa kitambulisho ambacho hakuwa amerudisha. Ndege ya PSA ikaanguka, watu 43 wakafa. Ndipo Marekani ikaamuru wafanyakazi wa ndege nao wakaguliwe.

Kwa hivyo kukagua sare naunga mkono, sare huvaliwa na yeyote. Makasi ndiyo siwezi kutetea. Na mheshimiwa anayekasirika kuambiwa avue mshipi, kitambulisho chake kinatofautianaje na kile cha 1987?