Demensia: ugonjwa ambao neno "kusahau" haliutoshi

Demensia ni hali ya ubongo kuharibika hatua kwa hatua hadi mtu ashindwe kuendesha shughuli zake za kila siku kama alivyozoea. Si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la dalili zinazoletwa na magonjwa kadhaa, na wa kwanza kati ya hayo ni Alzheimer, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote. Shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, na sehemu zake mbili zikiwekwa pamoja zinaleta maana ya kutokwa na akili. Ni vyema Kiswahili hakikulitafsiri hivyo, maana kurukwa na akili ni wazimu, na mtu mwenye demensia si mwendawazimu. Badala yake, redioni, zahanati na majumbani limeenea jina "ugonjwa wa kusahau", likisaidiwa na "kupoteza kumbukumbu". Ni majina mepesi na yanaeleweka papo hapo. Kasoro yake ni kwamba yanataja dalili moja kana kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe, na hata dalili hiyo hayaielezi sawasawa.

Kusahau ni jambo la kila mtu. Mswahili aliyeacha ufunguo mlangoni husema "nimepitiwa", na kauli hiyo ya kutendwa ina hekima yake: kuna kitu kimempita, lakini yeye mwenyewe yupo na anajua kwamba kimempita. Akikumbushwa, hupiga paji la uso na kucheka. Katika demensia ukumbusho mara nyingi haufui dafu. Mzee aliyekunywa chai saa moja asubuhi anauliza saa mbili kwa nini hajapewa chai, na akionyeshwa kikombe chake hakumbuki chochote bali anahisi anadanganywa. Tukio halikumpita tu, halikuhifadhiwa kamwe. Tena mara nyingi haoni kwamba ana tatizo, kwa kuwa sehemu za ubongo ambazo zingemwonya ni miongoni mwa zilizoathirika.

Tofauti hiyo ilionekana tangu kisa cha kwanza cha ugonjwa wa Alzheimer kilichoandikwa kwa kina. Mwaka 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimhoji mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter. Alipoulizwa jina lake alilitaja. Alipoulizwa jina la mumewe alilitaja jina lake mwenyewe tena. Wakati wa chakula cha mchana alikuwa akila nyama ya nguruwe na koliflawa. Daktari akamuuliza anakula nini, naye akajibu: spinachi. Jibu hilo haliwezi kuitwa kusahau, kwa sababu chakula kilikuwa bado mdomoni. Kilichovurugika ni uwezo wa kukitambua kitu na kukipa jina lake. Mama huyo alifariki mwaka 1906, na Alzheimer alipoupima ubongo wake alikuta utando wa mabaki nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuingiza ugonjwa huo katika kitabu chake cha tiba kwa jina la Alzheimer.

Utafiti wa karne iliyofuata uligawanya kile ambacho Kiswahili hukiita kwa neno moja, kumbukumbu. Neno hilo lina kazi nyingi: kumbukumbu za mkutano ni maandishi, siku ya kumbukumbu ni maadhimisho, na kumbukumbu za mtu ni yale aliyoyahifadhi kichwani. Saikolojia inahitaji zaidi ya hapo. Mwaka 1972 Endel Tulving alitenganisha kumbukumbu ya matukio, yaani nilikuwa wapi na nini kilitokea, na kumbukumbu ya maana, yaani kujua kwamba nazi ni tunda na Moshi ni mji. Ya tatu ni kumbukumbu ya stadi, ile inayokaa mikononi. Katika Alzheimer, ya matukio ndiyo huathirika mapema, kwa kuwa ugonjwa hushambulia mapema hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayosajili mambo mapya. Stadi hudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana bibi asiyejua kama leo ni Ijumaa anaweza kukaa juu ya mbuzi, akakuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu, kisha akaanza kusuka ukili bila kukosea hata mkunjo mmoja. Nyumbani watu husema "anajifanya". Hajifanyi, hiyo ni kumbukumbu nyingine, na njia zake katika ubongo ni nyingine.

Mambo ya zamani nayo hukaa kuliko mapya. Mfaransa Théodule Ribot alilieleza hilo mwaka 1881, kabla ya kisa cha Frankfurt. Katika jamii za lugha nyingi huonekana kwa namna inayoweza kuumiza: babu aliyezungumza Kiswahili mjini kwa miaka 40 anarudi kwenye lugha ya mama yake, na wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam hawaelewi anachoomba.

Pigo kubwa zaidi kwa jina "ugonjwa wa kusahau" linatoka kwenye aina nyingine za demensia. Ipo inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo Arnold Pick alianza kuieleza mwaka 1892. Mwenye aina hiyo anaweza kukumbuka vizuri ya jana na juzi, lakini mtu mpole akawa mtukanaji, mwekevu akagawa fedha ovyo, mstaarabu akala kwa pupa mbele ya wageni. Ndugu watatafuta tabia mbaya, ulevi au kurogwa, kwa sababu hakuna aliyesahau chochote. Ipo inayofuta maana za maneno: mtu anasimulia safari ya wiki iliyopita, kisha anauliza kijiko ni nini. Ipo ya miili ya Lewy, inayomwonyesha mgonjwa watu na wanyama wasiokuwapo chumbani. Na ipo ya mishipa ya damu, ambayo mara nyingi hufuata kiharusi na huanza kwa uzito wa kufikiri na kupanga.

Kinachounganisha yote haya si kumbukumbu bali ni kile ambacho wanasaikolojia wa Kiswahili hukiita utambuzi: kazi zote za akili za kupokea, kuelewa, kuhifadhi, kupima na kutumia habari. Neno hilo nalo si safi kabisa, kwa kuwa polisi wana gwaride la utambuzi. "Ufahamu" lina shida kubwa zaidi: aliyepoteza fahamu amezimia, na mtu mwenye demensia yuko macho. "Ung'amuzi" linaelekea kwenye kugundua jambo kwa ghafla. Kati ya matatu hayo, utambuzi ndilo lenye nafasi pana na hatari ndogo.

Jinsi utambuzi unavyopimwa ni suala la lugha pia, na hapo Afrika Mashariki ina mchango wake. Kipimo kilichoenea sana duniani tangu 1975, chenye alama 30, kinamtaka mtu apunguze saba saba kutoka 100 na achore pembetano mbili zinazokatana. Aliyekosa shule anaweza kushindwa akiwa na akili timamu. Kipimo cha kuchora saa kinaagiza mara nyingi saa tano na dakika kumi, kwa hesabu ya Kiswahili. Mshale mfupi unatakiwa uelekee kwenye namba 11, ilhali sikio limesikia tano. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea kuvuka pengo hilo la saa sita kila siku bila kufikiri, lakini kwa mtu ambaye ubongo wake umechoka ni mzigo ambao mtunga kipimo hakuuweka humo.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia baada ya takwimu kurekebishwa kwa umri. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri, na kinapunguza nguvu ya dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Kazi hiyo, iliyoendelea Tanzania na Nigeria, ilizaa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichodai kalamu. Mzee anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka maneno kumi aliyosomewa, anataja siku na kiongozi wa kijiji, anaeleza daraja ni nini, kisha anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilooneshwa. (Daraja kwa Kiswahili ni pia cheo na ngazi ya ufaulu, anayejibu hivyo hajakosea Kiswahili.) Jumla ni alama 15, na kadiri alama zinavyokuwa chache ndivyo haja ya uchunguzi wa daktari inavyokua. Kinachobaki ni swali la lugha: mzee wa Machame anayepimwa kwa Kiswahili anapimwa kwa lugha yake ya pili.

Utafiti mwingine uliofanywa Hai kwa mahojiano uliwakuta watu wengi wakiiona hali hii kuwa sehemu ya kawaida ya uzee, na wengine wakitaja laana na uchawi. Jina "ugonjwa wa kusahau" haliivunji imani ya kwanza. Linaiunga mkono, kwa sababu nani hajui kwamba wazee husahau?

Mataifa mengine yamekwisha kubadili majina. Mwaka 2004 serikali ya Japani iliacha neno la zamani lililobeba maana ya upumbavu, chihō, ikaweka ninchishō, yaani ugonjwa wa utambuzi. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani nao ulileta jina pana la matatizo makubwa ya utambuzi, ingawa neno la Kilatini halikufa.

Kiswahili chenyewe kina mifano miwili inayovutana. Ukimwi ni kifupisho kinachoeleza kinachoharibika, upungufu wa kinga mwilini, na kimekubalika kila mahali. Kifua kikuu kinataja kiungo kimoja tu, lakini kimeishi vizuri kiasi kwamba wahudumu wa afya husema "kifua kikuu cha mifupa" bila kuona ajabu. Kwa hiyo jina lenye kasoro linaweza kufanya kazi. Lakini "ugonjwa wa kusahau wa mtu asiyesahau" hautaweza kueleweka zahanati, na mgonjwa wa aina ya Pick ndiye atakayekosa huduma.

Matumizi yanayofaa zaidi ni kuliacha neno demensia, katika ngeli ya i-/zi-, na mara ya kwanza kulieleza kuwa ni upungufu mkubwa wa utambuzi. Aina zake hufuata kwa urahisi: demensia ya Alzheimer, demensia ya mishipa ya damu, demensia ya miili ya Lewy, demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo, demensia ya maana. Hali ya awali, ambayo vipimo huiona lakini mtu bado anajitegemea, inaitwa upungufu mdogo wa utambuzi. "Kupoteza kumbukumbu" libaki kuwa jina la dalili, pamoja na kupotea njia, kukosa maneno na kubadilika tabia.