Kicheko na Historia: Dhamira Fiche katika Filamu ya Vibonzo The Incredibles

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuipa futuhi nafasi ya nyuma. Tanzia hudhaniwa kubeba falsafa, ilhali futuhi hudhaniwa kubeba burudani tu. Katuni nayo huwekwa chini zaidi, kwa kuwa huchukuliwa kuwa ni mali ya watoto. Makala hii inahoji mkabala huo kwa kuchunguza kazi moja mahususi, yaani The Incredibles, filamu ya vibonzo iliyoandikwa na kuongozwa na Brad Bird katika studio ya Pixar na kutolewa nchini Marekani mwezi Novemba 2004. Mwaka 2005 filamu hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ikiwa ya filamu bora ndefu ya vibonzo na nyingine ya uhariri wa sauti.

Swali linalotushughulisha ni hili: filamu hii inasema nini kuhusu shujaa na jamii anayoihudumia? Tunadai kwamba jibu haliwezi kupatikana kwa kunukuu kauli za wahusika pekee. Ni sharti filamu irudishwe katika historia mbili. Ya kwanza ni historia ya jagina, yaani shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu, katika katuni za Marekani tangu 1938. Ya pili ni historia ya maisha ya tabaka la kati la nchi hiyo baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Kwa muhtasari, Bob Parr, ambaye jina lake la kijagina ni Mr. Incredible, ana nguvu za mwili zisizo na kifani. Helen, mkewe, aliyejulikana kama Elastigirl, hunyumbuka kama mpira. Mwanzoni mwa filamu Bob anamwokoa mtu aliyejirusha kutoka juu ya jengo ili ajiue. Mtu huyo anamshtaki, kwani hakuomba kuokolewa, na isitoshe aliumia katika kuokolewa kwake. Abiria wa treni iliyozuiwa isianguke wanafuata mkondo huo huo. Kesi zinaongezeka, gharama zinailemea serikali, na hatimaye majagina wote wanatakiwa kuacha kazi yao na kuishi kwa siri kama raia wa kawaida. Miaka 15 baadaye Bob ni karani wa madai katika kampuni ya bima iitwayo Insuricare. Siku anayofutwa kazi anapokea mwaliko wa siri wa kwenda kisiwani kupambana na roboti. Kumbe mwenye roboti ni Buddy Pine, aliyetaka utotoni kuwa msaidizi wa Bob akakataliwa, na ambaye sasa anajiita Syndrome. Helen na watoto, Violet na Dash, ndio wanaomfuata na kumkomboa.

Jagina na Sheria: Kutoka 1938 hadi 1986

Jagina wa Marekani hakuanza akiwa mlinzi wa utulivu. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland wenye asili ya wahamiaji Wayahudi, alijitokeza katika toleo la kwanza la Action Comics la Juni 1938. Nchi ilikuwa bado katika taabu za Mdororo Mkuu wa uchumi. Katika toleo hilo Superman anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo pasipo hatia, anamkabili mume anayempiga mkewe, na anamtia hofu mtu anayemshawishi seneta kwa njia za ufisadi. Adui zake ni dhuluma za kila siku, na baadhi yazo zinatoka katika taasisi za dola yenyewe.

Kejeli ilimfuata jagina huyu mapema. Mwaka 1942 studio ya Terrytoons ilimgeuza kuwa panya anayeruka, ambaye baadaye alikuja kujulikana kama Mighty Mouse. Mwaka 1953 jarida la MAD lilichapisha "Superduperman", tashtiti ya Harvey Kurtzman na Wallace Wood, na mwaka 1964 televisheni ikamleta Underdog, mbwa mng'arisha viatu anayegeuka kuwa mwokozi. Futuhi ya jagina, kwa hiyo, ni utanzu wenye nasaba ndefu. Kicheko chake huuliza swali ambalo hadithi nzito hulikwepa: mwenye nguvu anawajibika kwa nani?

Baada ya 1945 majarida ya majagina yalipoteza wasomaji wengi, na nafasi yao ikachukuliwa na hadithi za uhalifu, za mapenzi na za kutisha. Mwaka 1954 Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili, alichapisha kitabu Seduction of the Innocent, akidai kwamba majarida ya katuni yanawapotosha vijana. Mwaka huo huo kamati ndogo ya Seneti ilifanya vikao kuhusu suala hilo, nao wachapishaji, kwa kuhofia sheria, wakajitungia kanuni ya kujidhibiti. Kanuni hiyo ilitaka wema ushinde uovu katika kila hadithi. Ilitaka pia polisi, mahakimu na maafisa wa serikali wasisawiriwe kwa namna inayoishushia mamlaka heshima. Ni dhahiri kwamba Superman yule wa 1938 asingepita kwa urahisi katika kanuni hii. Jagina aliruhusiwa kuishi kwa sharti la kuwa mtiifu. Kanuni hiyo ilidhoofika polepole, na wachapishaji wakubwa wa mwisho waliokuwa wakiifuata waliiacha mwaka 2011.

Dhana ya majagina kupigwa marufuku na sheria haikubuniwa na Bird. Watchmen, kazi ya Alan Moore na Dave Gibbons iliyochapishwa kati ya 1986 na 1987, tayari ilikuwa na sheria ya namna hiyo, nayo familia ya majagina ilikuwapo katika Fantastic Four tangu 1961. Msomaji wa Kiswahili naye anaujua mgogoro huu kwa sura nyingine. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, mtawala wa Pate anamwogopa shujaa na kumtumia mwanawe ili amwangamize. Tofauti ni kwamba Liyongo anaangushwa na hila ya mtawala, ilhali Bob anaangushwa na hati za mashtaka zilizoandikwa na watu aliowaokoa. Hapa ndipo uzito wa futuhi ya Bird unapoanzia.

Mandhari: Kati ya 1947 na 1962

Gazeti linaloonekana katika filamu lina tarehe ya mwaka 1962. Tukirudi nyuma miaka 15, tunapata kwamba marufuku ya majagina inaangukia karibu na 1947. Ni kipindi kile kile ambapo majagina halisi wa majarida walikuwa wakififia. Ni mwaka pia ambapo ujenzi wa Levittown ulianza karibu na New York, mtaa wa nyumba zaidi ya 17,000 zilizojengwa kwa ramani chache zilizofanana, ambao ulikuwa kielelezo cha maisha mapya ya vitongoji.

Bird anausawiri ulimwengu huo kwa ukubwa wa vitu. Mwili wa Bob unabanwa na gari lake dogo, na unabanwa tena na kiofisi chake kilichozungukwa na vingine vinavyofanana nacho. Tunacheka kwa sababu ya kutolingana kwa mtu na mahali, lakini kutolingana huko ndiko hoja yenyewe: jamii imempa Bob riziki, nyumba na usalama, na imemnyima kazi yenye maana.

Hata adui ni zao la kipindi hicho. Syndrome ametajirika kwa kubuni na kuuza silaha. Mnamo Januari 1961 Rais Dwight Eisenhower, katika hotuba yake ya kuaga, aliwaonya Wamarekani kuhusu ushawishi wa muungano wa jeshi na viwanda vya silaha. Roboti wa Syndrome hujifunza kutokana na kila pambano, na majagina wastaafu wameuawa mmoja baada ya mwingine ili kumkamilisha. Waliofichwa na sheria wamekuwa malighafi ya biashara.

Je, Filamu Hii Inapinga Usawa?

Filamu ilipotoka, baadhi ya wafafanuzi waliihusisha na fikra za Ayn Rand, mwandishi wa Atlas Shrugged (1957), aliyetetea haki ya watu bora dhidi ya madai ya walio wengi. Usomaji huo una ushahidi wake. Bob analalamika kwamba shule inasherehekea mambo ya kawaida mno. Dash, anapoambiwa na mamaye kuwa kila mtu ni wa pekee, anajibu kwamba maana yake hakuna aliye wa pekee.

Hata hivyo, kanuni ya kwanza ya uhakiki ni kuuliza kauli inatoka kinywani mwa nani. Wazo la Dash linarudi baadaye kinywani mwa Syndrome, anayepanga kuviuza vifaa vyake ili kila mtu awe jagina na ujagina upotee. Wazo lililotolewa na mtoto aliyenuna, kisha na muuaji mwenye kinyongo, haliwezi kuhesabiwa kuwa msimamo wa kazi nzima bila ushahidi zaidi. Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Mwishoni Dash anaruhusiwa kushiriki mbio za shule. Anaweza kuwaacha wenzake wote kufumba na kufumbua, lakini wazazi wake wanamwashiria asishinde, naye anamaliza wa pili kwa furaha. Kwa kuikubali nafasi ya pili anapata uhuru wa kukimbia miongoni mwa wengine. Kama filamu hii ingekuwa utetezi mtupu wa walio bora, tukio hilo lisingekuwa na mantiki.

Jagina Nyuma ya Meza

Tukio muhimu zaidi la filamu, kwa maoni yetu, ni fupi na halina mapigano. Mwanamke mzee aliyenyimwa fidia yake anakaa mbele ya meza ya Bob. Kampuni haitaki alipwe. Bob anamnong'oneza afuate hatua zipi na awaone nani, kisha anamwomba ajifanye analia ili wakubwa wasishuku. Baadaye msimamizi wake, Huph, analalamika kwamba wateja wa Bob wanazifahamu mno njia za ndani za kampuni.

Katika tukio hilo Bob hatumii nguvu zake hata kidogo. Anatumia ujuzi wa taratibu na ujasiri wa kuhatarisha ajira. Kihistoria, huyu ndiye aliye karibu zaidi na Superman wa 1938, mtetezi wa mnyonge dhidi ya taasisi. Kinaya ni kikubwa: madai ya fidia ndiyo yaliyomwondoa Bob katika ujagina, na sasa ni kwa kuyashughulikia madai ya fidia kwamba anamwokoa mtu.

Ofisi hiyo hiyo inatupa pia kinyume cha tendo hilo. Kupitia dirishani Bob anamwona mtu akiibiwa kwa nguvu, lakini Huph anamkataza kutoka. Mwizi anapotoroka, hasira inampanda Bob na anamrusha bosi wake akavunja kuta kadhaa. Nguvu za mwili zinamjeruhi mtu mmoja na hazimwokoi yeyote, ilhali mnong'ono ulimsaidia mwanamke mzee. Bob mwenyewe halioni hilo. Anaamini kwamba ameishi miaka 15 bila kutenda jambo la maana, na imani hiyo ndiyo inayomwingiza katika mtego wa Syndrome.

Mipaka ya Kazi

Usomaji wa kihistoria hauna budi kutaja pia yale ambayo kazi imeyanyamazia. Filamu inahusu watu wanaolazimishwa kuyaficha maumbile yao, na inawaweka katika Marekani ya 1962, miaka miwili kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Lucius Best, au Frozone, ni jagina mweusi na rafiki wa dhati wa Bob. Lakini mkewe tunamsikia kwa sauti tu, na rangi yake haitajwi katika ulimwengu ulioigwa kutoka vitongoji ambako, kama ilivyokuwa Levittown, watu weusi walizuiwa kuishi. Futuhi imeazima samani na magari ya kipindi hicho bila kuazima ubaguzi wake.

Kwa upande wa Helen filamu ina uangalifu zaidi. Mwanzoni anatangaza kwamba hawezi kuwaachia wanaume kazi ya kuuokoa ulimwengu. Miaka 15 baadaye tunamkuta mama wa nyumbani, akinyumbuka kila upande kuitosheleza familia. Mwaka 1963 Betty Friedan alichapisha The Feminine Mystique kuhusu kutoridhika kwa wanawake wa aina hiyo hiyo. Filamu ya pili, Incredibles 2 ya 2018, ilikuja kuligeuza jambo hilo kuwa kiini cha msuko: Helen anakwenda kazini na Bob anabaki na watoto.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba dhamira ya The Incredibles inajidhihirisha tunapoisoma kama sura moja katika historia ya jagina wa Marekani, aliyezaliwa mtetezi wa wanyonge na kufugwa na kanuni. Nguvu zipitazo za kawaida ndizo zinazovuta macho, ila swali la kazi hii ni wajibu: tunadaiana nini sisi kwa sisi, na nini hutokea pale msaada unapogeuzwa kuwa hatia ya kisheria?

Filamu yenyewe inalijibu swali hilo kisha inalisahau jibu. Inahitimisha kwa roboti kushindwa, umati kushangilia na familia kuvaa tena vinyago vyao. Yule mwanamke mzee harudi tena, na kampuni ya bima inaendelea na shughuli zake. Mhakiki anayeidharau futuhi hawezi kuliona pengo hilo. Anayeisoma kwa makini atagundua kwamba tendo la kishujaa lililo karibu zaidi na uwezo wetu sote limewekwa mapema, nyuma ya meza, kwa sauti ya chini.