Una siku moja Venice? Visiwa vya kwenda na kimoja cha kuacha

Saa tatu asubuhi, kwenye gati la Fondamente Nove upande wa kaskazini wa Venice, foleni huwa tayari ndefu. Karibu wote wana mpango uleule: Murano, halafu Burano, halafu Torcello, jioni kurudi. Kwenye ramani visiwa hivyo vinaonekana vimekaa jirani kabisa. Lakini boti haiendi kama ramani.

Lagoni ya Venice ina ukubwa wa kilomita za mraba 550 hivi na visiwa zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya maji yake ni ya kina kifupi mno. Boti hupita kwenye mikondo iliyochimbwa na kuwekewa nguzo za mbao, kwa hiyo inazunguka. Kutoka Fondamente Nove hadi Murano ni dakika 10 tu. Hadi Burano ni kama dakika 40. Burano na Torcello zinatazamana, dakika tano. Jumlisha safari ya kurudi na muda wa kusubiri kila gati: karibu saa tatu za siku yako zimeishia majini, na bado hujaona kitu.

Kwa hiyo kwa mtu mwenye siku moja, visiwa viwili vinatosha. Swali ni vipi.

Murano: nenda kwa ajili ya moto, siyo duka

Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuri ya vioo yahamishiwe Murano, kwa hofu kwamba moto ungeteketeza mji uliojaa nyumba za mbao. Siri nayo ikabaki kisiwani, maana fundi wa vioo alikatazwa kuhamia nchi nyingine. Katika karne ya 17 Ufaransa ilifanikiwa kuwarubuni baadhi yao wakatengeneze vioo vya kujitazama huko.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana jambo lake hapa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba mizigo ya shanga za kununulia chakula na kulipia njia, na nyingi zilitengenezwa Venice na Murano, zikaletwa Zanzibar kwa meli. Kila eneo lilikuwa na rangi yake. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulijikuta na mzigo usionunua hata kuku. Kwenye jumba la makumbusho la vioo la Murano, shanga za aina hiyo zipo.

Tatizo la Murano ni maduka. Sehemu kubwa ya vitu vya bei chee vinavyouzwa kwa jina la Murano mjini Venice havikutengenezwa huko. Tangu 1994 ipo nembo rasmi ya vioo vya kisiwa hicho, Vetro Artistico Murano, ingawa si kila fundi wa kweli anaitumia. Pia jihadhari na mtu anayekufuata kituoni au hotelini akikupa boti ya bure kwenda Murano. Bure hiyo inaishia kwenye chumba cha mauzo, na kutoka bila kununua kunahitaji uso mkavu.

Mafundi huanza kazi mapema, na alasiri wengi wamemaliza. Ukifika Murano saa kumi, utaona maduka tu.

Torcello: mji uliobaki kanisa

Hiki ndicho kisiwa ambacho wengi hukiruka, na ndicho kinachostahili safari.

Watu waliokimbia vita bara, kutoka mji wa Altino, walijenga hapa kabla Venice yenyewe haijawa mji wa maana. Kanisa kuu la Santa Maria Assunta lilianzishwa mwaka 639. Torcello ikakua ikawa na maelfu ya wakazi, makanisa na biashara. Kisha mikondo ikajaa matope, maji yakatuama, mbu wakazaliana na malaria ikaanza kuua. Watu wakahama, na mawe ya majumba yao yakabebwa kwenda kujengea kwingine. Leo wakazi wa kudumu ni wachache kiasi kwamba wanaweza kuenea kwenye daladala moja.

Kutoka gatini unatembea dakika kumi kando ya mfereji, unapita daraja lisilo na kingo za pembeni, unafika kanisani. Ndani, ukuta mzima wa nyuma umefunikwa na picha ya Siku ya Hukumu iliyotengenezwa kwa vipande vidogo vidogo, kazi ya karne ya 11 na 12: malaika wanapuliza mabaragumu, wanyama na samaki wanawatapika watu waliowala ili wakahukumiwe. Simama hapo taratibu. Kanisa huwa halifunguliwi kabla ya saa nne, kwa hiyo usiwahi sana.

Burano: subiri wenzako waondoke

Burano ni nyumba za rangi kali, lesi na samaki. Saa sita mchana vichochoro hujaa watu wa kupiga picha hadi wenyeji wanashindwa kupita na mifuko yao ya sokoni. Hizo ni nyumba za watu, tena zinakaliwa. Ukiona pazia mlangoni, si pambo la picha yako.

Lesi halisi ya sindano huchukua wiki nyingi kwa kipande kidogo, hivyo kitambaa cha euro chache dukani kimetoka kiwandani. Chakula cha hapa ni wali uliopikwa kwa supu ya samaki mdogo wa lagoni aitwaye gò.

Basi upi?

Kwa aliyelala Venice siku kadhaa, jibu ni Torcello kisha Burano, na Murano iachwe kwa asubuhi nyingine kwa kuwa iko karibu. Anayependa vioo kuliko vyote achukue Murano na San Michele, kisiwa cha makaburi kilicho njiani, alikozikwa mtunzi wa muziki Igor Stravinsky mwaka 1971. Ung'ang'anie vyote vitatu? Basi Murano asubuhi na mapema, Torcello adhuhuri, Burano mwisho. Poveglia, ile ya video za mizimu, haina boti ya abiria, sahau.

Kwa bei za miaka ya karibuni, tiketi ya boti ya dakika 75 ni euro 9.50 na ya siku nzima ni euro 25, kwa hiyo ukipanda mara tatu umeshapata faida. Ile ada ya kuingia Venice kwa wasiolala mjini, iliyoanza Aprili 2024 kwa siku maalum, haihusu visiwa hivi vidogo.

Foleni ya kurudi kutoka Burano huwa mbaya kuanzia saa kumi, na boti ikijaa unaachwa. Ukikaa hadi jua lishuke, makundi yameondoka na wenyeji wametoa viti vyao nje. Boti bado zipo usiku, ila zinapungua. Piga picha ubao wa ratiba ukishuka tu.